Upanga Uliotoka Ukutani

Polisi walimkuta Paskazia uani akipepeta mpunga. Walikuwa wanne, na mkubwa wao alikuwa mwanamke. Nyuma yao alikuja mwenyekiti wa kitongoji, anatazama chini kama mtu aliyedondosha kitu. Paskazia aliweka ungo chini, akajikung'uta makapi, akawaamkia. Yule mwanamke aliitikia, akasema yeye ni Inspekta Ghati, kisha akauliza mwenye nyumba yuko wapi.

"Theonest yuko ndani amejilaza. Jana alirudi amechoka."

"Kazi yake?"

"Ujenzi. Ni fundi."

Wiki ile duka la mnunuzi wa dhahabu lilikuwa limevamiwa pale Nyarugusu, na mlinzi akajeruhiwa kwa panga mkononi. Mlinzi mwenyewe alisimulia kwamba mmoja wa wezi alishika panga lililopinda kama mundu. Tangu hapo polisi walikuwa wakipita nyumba hadi nyumba, wanapekua. Paskazia hakuwa na hofu. Kwao kulikuwa na mapanga mawili ya shamba, yote yamenyooka, na moja halina mpini.

Ndani ya nyumba askari kijana alipanda juu ya kiti, akaingiza mkono kati ya bati na boriti. Alitoa kiroba cha chumvi kilichoviringishwa na kufungwa kwa mpira wa baiskeli. Inspekta Ghati alikifungua mwenyewe pale uani. Ndani mlikuwa na ala ya ngozi nyeusi iliyokauka, na alipovuta mpini, chuma kilitoka taratibu kikikwaruza, kirefu, kimepinda kuanzia katikati hadi ncha.

Nje ya ua wa minyaa mwanamke mmoja alimaka, "Mayu wee!"

"Theonest," Inspekta alisema, "hiki nini?"

Theonest alikuwa amesimama mlangoni bila shati. "Upanga wa babu," alijibu. "Babu mzaa baba. Alikuwa askari wa Mjerumani."

"Mama, unaujua huu?"

Paskazia aliutazama. Alikuwa amefagia chini ya boriti ile tangu aolewe, na kile kiroba hakuwahi kukiona. Akamtazama mumewe. Theonest alikuwa amemkazia macho, hapepesi.

"Mambo ya babu zao mimi siyajui," alisema.

Wakamfunga Theonest pingu, wakaondoka naye. Siku ile Paskazia alipeleka maandazi yake pale mwaloni wanapooshea mchanga wa dhahabu, kama kawaida, akarudi nayo ndoo nzima. Hakuna aliyemtukana. Walisema tu kwamba leo hawana njaa. Kwenye bomba la maji, mwanamke aliyekuwa mbele yake kwenye foleni alijivuta hatua mbili, akamvuta na mtoto wake.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba hata yeye hakujua asimame wapi. Usiku wa uvamizi Theonest alikuwa hajalala nyumbani. Alisema amelala kwenye saiti, kulinda saruji. Paskazia hakuwa ameuliza saiti ipi.

*

Kituoni walimruhusu Paskazia azungumze na mumewe kupitia dirisha la nondo, na askari amesimama pembeni anachokoa meno.

"Umekula?" Paskazia alimuuliza.

"Achana na kula. Sikiliza. Mama Blessing, wewe shikilia hapohapo, upanga ni wa babu. Ukishasema ni wa babu, ni wa kale, na ukiwa wa kale si wa kuvunjia duka."

"Babu yako wa Ushirombo? Yule aliyekuwa mchunga ng'ombe?"

"Kabla ya ng'ombe alikuwa askari."

"Mama yako hajawahi kusema."

"Mama hasemi kila kitu." Theonest aliishusha sauti. "Kuna broka mmoja aliuona. Anasema vitu vya Mjerumani vinatafutwa sana, Wazungu wanavikusanya. Nilikuwa nasubiri tu muda, nikushtukize."

Paskazia aliushika ukingo wa dirisha. Mtu hafichi mali ya babu yake kwa mke wake, aliwaza. Na kama aliweza kumficha upanga mrefu kama mguu wa mtu, ni kipi kingine kimo humo darini?

Inspekta Ghati hakuwa mtu wa maneno mengi. "Mimi mambo ya kale sikuyasomea," alimwambia ofisini. "Ninachokiona ni panga lililopinda, na mlinzi anasema panga lililopinda. Kama mnasema ni la babu, mtafute mjuzi aje aseme mbele yangu. Nitakuruhusu upige picha. Kuliondoa hapa, hapana."

Simu ya Paskazia ilikuwa kitochi, haina kamera. Ilimbidi aazime simu ya jirani, na jirani hakuitoa mpaka aende naye kuona kinachopigwa picha. Jioni ile kila nyumba ilijua mpini ulivyo.

Katekista wa kigango chao ndiye aliyempa namba ya Bwana Kamili, afisa wa makumbusho huko Mwanza, ambaye aliwahi kuja kuandika habari za kanisa la zamani. Kamili alipokea kwa sauti ya mtu aliyechoka.

"Mnauza?"

"Hapana, baba. Mume wangu yuko ndani."

"Kwa maana kila wiki napigiwa simu na mtu mwenye sanduku la mali ya Mjerumani. Wengine wanachimba mpaka chini ya vitanda vyao. Sasa huu mmeutoa wapi?"

"Anasema ni wa babu yake."

"Anasema," Kamili alirudia. "Na wewe unasemaje?"

Paskazia alimuuliza kama picha ya upanga ingetosha. Kamili alisema kwa picha hawezi kuamua, kwa kuwa picha inaonyesha umbo tu, haionyeshi uzito wala kutu. Alikuwa na safari ya Geita, angepita.

*

Alikuja kweli. Alikuwa mwanamume mfupi, miwani yake imefungwa kamba shingoni, na alivaa glavu nyeupe kabla hajagusa kitu. Inspekta Ghati aliuweka upanga mezani juu ya gazeti. Theonest alitolewa mahabusu, pekupeku, ameshika suruali kiunoni kwa sababu mkanda walimnyang'anya. Mlinzi wa lile duka naye aliitwa, mkono umefungwa bandeji. Paskazia alisimama karibu na mlango. Hakupewa kiti.

Kamili aliuinua upanga, akauweka tena chini, akauinamia kwa muda hata Inspekta akakohoa.

"Kwanza," alisema, "si wa Mjerumani."

Theonest aliinua uso.

"Panga za maofisa wa Kijerumani ninazozijua zina chuma kinachozunguka vidole hapa mpinini, na nyingi zina kichwa cha simba. Huu una vijiti viwili tu vya kushoto na kulia, kama msalaba mdogo. Mpini ni pembe, umefungwa ngozi na uzi wa fedha. Hiyo ni kazi ya mafundi wa pwani, au wa Uarabuni. Waswahili wa kule wanauita kitara."

"Lakini hapa pana alama ya Kizungu," alisema askari kijana, akaonyesha karibu na mpini, mahali palipochorwa mistari michache kama mnyama anayekimbia.

"Umeona vizuri. Bapa lilifuliwa Ulaya. Mji gani, siwezi kuapa, kwa sababu alama hii wengi waliiiga. Mabapa matupu yaliletwa na meli, mafundi wakayatia mipini yao. Kisha panga hizo zikaja huku bara viunoni mwa watu wa misafara ya pembe za ndovu, waliopitia Tabora. Umri wake ni zaidi ya miaka mia moja, hilo nalisema bila wasiwasi."

"Upanga huu umekata mtu juzi?" Inspekta aliuliza.

Kamili aliushika mpini akautikisa. Bapa lilicheza na kugonga kama jino bovu. "Ukiupiga kwa nguvu, bapa linaruka na wewe unabaki na mpini mkononi. Na makali hamna. Kutu imeyala zamani sana."

Mlinzi alisogea, akautazama bila kuugusa. "Sio huu," alisema. "Lile lilikuwa linang'aa. Lilikuwa fupi. Na huyu bwana mimi simjui."

Kwa siku zote zile Paskazia alikuwa amelala na mawazo ya damu, na sasa yalimtoka kwa mara moja. Alitaka kucheka. Alitaka kwenda kumshika mumewe mkono mbele ya watu wote.

Lakini Kamili alikuwa bado hajamaliza. Alichukua kibanio kidogo, akachokoa mshono wa ala, akatoa vipande vyeupe na kuviweka kwenye gazeti.

"Chokaa," alisema. "Na majani ya kuchanganyia udongo. Upande huu mchwa wamekula, upande huu hawakufika. Upanga huu haukukaa darini, ulijengewa ndani ya ukuta, ukakaa humo miaka na miaka. Watu walifanya hivyo walipoogopa kunyang'anywa silaha. Na umetolewa karibuni, maana chokaa inamomonyoka bado."

Inspekta Ghati aligeuka polepole. "Theonest. Babu yako alikuwa anaishi ukutani?"

Askari kijana alicheka. Theonest alimtazama mkewe.

Naye Paskazia alikuwa ameshajua. Kiangazi kile Theonest alikuwa na kibarua huko Kharumwa, kwa bibi mmoja Mwislamu aliyeitwa Bi Mwanaima, mjukuu wa mfanyabiashara aliyekuja na misafara toka Tabora. Alikuwa akibomoa tembe kuukuu ili wamjengee Bi Mwanaima nyumba ya tofali. Kila Jumamosi alirudi na nguo nyeupe kwa chokaa, na Paskazia ndiye aliyezifua. Tena kazi ilipokwisha, Bi Mwanaima alipiga simu. Aliuliza kwa upole kama fundi hakuona kitu chochote ukutani. Paskazia ndiye aliyepokea. Alimjibu, "Mume wangu si mwizi, bibi, tafuta kwenye nyumba yako," akakata simu, na siku nzima akajiona amefanya jambo la maana.

"Mama," Inspekta alisema, "unaijua nyumba yenye ukuta kama huo?"

Kamili aliacha kufuta kibanio. Theonest alikuwa bado ameshika suruali yake.

"Siijui," Paskazia alisema.

*

Walimwachia jioni ile, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameripoti kuibiwa upanga. Upanga ulibaki kituoni mpaka apatikane mwenye mali, au uende makumbusho. Njiani Theonest aliongea mfululizo. Alisema wangemleta mama yake athibitishe ni wa babu, hata kama si wa Mjerumani. Alisema babu angeweza kuununua kwa Waarabu, nani atabisha? Broka bado alikuwa tayari. Paskazia alitembea mbele na hakugeuka.

Nyumbani alimsubiri mtoto wao Blessing aende kucheza, akafunga mlango.

"Ule usiku ulilala wapi?"

"Usiku upi?"

"Wa duka kuvunjwa."

Theonest alikaa kitandani. "Kwa broka. Nilikwenda kumwonyesha upanga, akanichelewesha kwa maneno. Nilikuwa nimeubeba. Ningerudi usiku na panga mkononi, na sungusungu wako barabarani? Nikalala kwake."

"Na uliutoa kwa Bi Mwanaima."

"Niliukuta ukutani." Hakuonyesha aibu, na hilo ndilo lililomshangaza. "Ukuta umeanguka, kitu kimetokeza. Kwenye duara, kule shimoni machimboni, mwamba ukipasuka ukaona dhahabu, ni ya nani? Ni ya aliye chini anayevuja jasho."

"Ukuta wa mtu si duara."

"Yule bibi hata hakujua kama kipo!"

"Alijua. Alipiga simu kuuliza. Nilimtukana kwa ajili yako."

"Basi. Imekwisha. Umeshasema hujui, na mimi nimeshasema ni wa babu. Tukibadilisha sasa tunaingia ndani wote wawili. Blessing abaki na nani?"

Hapo alikuwa amesema kweli, na Paskazia alimchukia kwa kusema kweli. Alitoka nje akaendelea kupepeta. Mpunga ulikuwa umekwisha kupepetwa, lakini alipepeta.

*

Alimuaga Theonest kwamba anakwenda kliniki, akaenda Kharumwa.

Bi Mwanaima alikuwa amekaa barazani pa nyumba yake mpya, mwanamke mwembamba mwenye mtandio wa kijani, anachambua mchele kwenye sinia. Pembeni kipande cha ule ukuta wa zamani kilikuwa bado kimesimama, kimefika kiunoni, cheupe.

"Shikamoo, Bi Mwanaima."

"Nani?"

"Mama Blessing. Mke wa Theonest, fundi."

Bi Mwanaima hakusema marahaba. Aliendelea kuchambua. Paskazia alibaki amesimama juani, mikono imekamata kanga, na salamu yake inaning'inia hewani.

"Wewe ndiye uliyeniambia nitafute kwenye nyumba yangu."

"Ndiye mimi."

"Nimetafuta. Sikuona. Sasa umekuja kunisaidia kutafuta?"

Paskazia alisema yote. Alianza na kiroba cha chumvi, akamalizia na lile neno lake alilosema mbele ya Inspekta. Alipotaja kitara, mikono ya Bi Mwanaima ilisimama juu ya mchele.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Mnataka niseme kuna vingine, ndiyo? Mje mchimbe na msingi?"

"Hapana, bibi."

"Mtu haji kumshtaki mumewe bure. Umegombana naye? Ana mwanamke?"

"Nimekuja kwa sababu nilikutukana na wewe ulikuwa na haki."

Bi Mwanaima alimchunguza kwa muda mrefu, kama anayesoma kitu kilichoandikwa kwa hati mbaya. Kisha alisukuma kigoda kwa mguu. Paskazia akakaa.

"Babu yangu aliuweka pale kwa mkono wake," alisema. "Baba alinionyesha mahali nikiwa msichana. Ndiyo maana siku ya kubomoa nilikaa hapa hapa, nasubiri. Saa ya swala nikaingia chumba cha wapangaji wangu kuswali. Nikitoka, ukuta uko chini na fundi wako anakunywa maji." Alirudisha sinia magotini. "Nilikuwa na binti hapa, Violeth, mtoto wa watu wa Bukombe. Alikuwa ananipikia, ananiogesha nikiumwa. Fundi akaniambia, bibi, mimi nimebomoa tu, aliyekuwa anazoa kifusi ni binti yako. Nikampekua. Nikapekua sanduku lake mbele ya wapangaji. Nikamfukuza."

"Theonest alisema hivyo?"

"Kwa mdomo wake. Tena kwa huruma. Akaniombea nisimpeleke polisi."

Paskazia aliinamisha kichwa. Hilo halikuwemo katika yote aliyoyawaza njiani.

"Sasa yuko sokoni hapo, anauza nyanya," Bi Mwanaima aliendelea. "Akipita, wanawake wanakumbatia mikoba yao. Mimi nikienda kununua, ananiuzia. Hanisemeshi."

"Bibi, nikuombe nini?"

"Usiniombe. Nitakwenda mwenyewe kwa huyo Inspekta kuchukua changu. Mumeo nikimfunga, serikali itamlisha, na mimi nitapata nini? Jumatano ni siku ya gulio. Aje sokoni, aseme mwenyewe, pale pale alipo yule mtoto. Asipokuja, Alhamisi nakwenda kituoni na maneno yote, na la kwako pia."

*

Theonest alikataa usiku mmoja na mchana mmoja. Alimwita Paskazia msaliti, akamwita adui wa nyumba yake. Paskazia hakubishana naye. Alimwambia kwamba yeye Jumatano atakwenda kwa vyovyote, na kama itabidi aseme peke yake, atasema na jina la mwizi. Jumatano asubuhi Theonest alivaa shati la kanisani na kofia.

Gulio la Kharumwa lilikuwa limejaa: mitumba, majembe, kuku waliofungwa miguu. Violeth alikuwa amekaa chini ya mwavuli wenye tundu, mafungu ya nyanya mbele yake juu ya mfuko wa mbolea. Alikuwa mdogo kuliko Paskazia alivyomfikiria. Bi Mwanaima alikuwa ameshafika, amesimama kando na fimbo yake, na kwa kuwa watu walijua kisa chao, baadhi walisogea.

Violeth aliwaona. Alimtambua fundi, akaanza kukusanya nyanya zake harakaharaka, akidhani ameletewa balaa jingine.

"Kaa, mwanangu," Paskazia alimwambia. "Hakuna anayekuja kukupekua."

"Sitaki kurudi kwake," Violeth alisema, anamnyooshea Bi Mwanaima kidole. "Hata akinilipa mara mbili. Mwambieni."

"Amesikia," Paskazia alisema. Bi Mwanaima alikaza mkono kwenye fimbo yake.

Paskazia akamsogeza mumewe mbele kwa kiganja mgongoni. Theonest alisimama mbele ya yale mafungu ya nyanya, jasho linamtoka shingoni kwenye kola. Alitazama viatu vyake. Midomo yake ilichezacheza, akasema kitu kuhusu ukuta, kuhusu upanga, kuhusu kosa lililotokea, sauti yake imezidiwa na muuza sumu ya panya aliyekuwa akipiga kelele kwa kipaza sauti.

Mwanamke wa dagaa alimnyamazisha yule wa sumu ya panya.

Violeth alikuwa ameacha kukusanya. Alikuwa na nyanya moja mkononi, anaifuta kwa upindo wa kanga, anaifuta, hamwangalii Theonest usoni.

"Sijasikia," alisema.

Theonest aligeuka kumtafuta mkewe. Paskazia alikuwa amerudi nyuma hatua chache, amesimama katikati ya wanawake wenye mikoba, anamsubiri kama wao.

"Sema kwa sauti," Violeth alisema. "Mimi nilisemwa kwa sauti."

Theonest akavua kofia, akaanza upya.